Muziki Nao Hutoa Ushahidi

Filamu ya hali halisi huzungumza kwa njia tatu: kwa picha, kwa maneno na kwa muziki. Picha tumezoea kuihoji. Tunauliza imepigwa wapi, lini, kwa ruhusa ya nani, na kama kuna kitu kilichoachwa pembeni kwa makusudi. Maneno nayo tunayahoji. Msimulizi akitaja idadi isiyo sahihi, au akimtafsiria mzee lile asilolisema, atajibiwa magazetini na barazani. Muziki peke yake ndio unaopita bila kuulizwa. Unaingia sikioni wakati jicho limeshughulika, unafanya kazi yake, na majina ya waliouandika yanapopanda mwishoni watu wamekwisha kuinuka. Hata hivyo, katika hayo matatu, huo ndio unaokaa kichwani kuliko yote. Miaka ya kutazama filamu zilizopigwa Tanzania Bara, Unguja na mwambao wa Kenya imenionyesha jambo hilo waziwazi: takwimu zimenitoka, majina ya wahusika yamechanganyika, mpangilio wa visa haupo tena, lakini muziki wa sehemu fulani nikiusikia popote naujua, na pamoja nao hunirudia lile nililofundishwa kuhusu watu waliokuwa katika picha, kwamba niwahurumie, niwaogope, niwastaajabie au nisiwatie maanani. Kwa sababu hiyo nashikilia kwamba muziki wa filamu ya hali halisi ni ushahidi kama ushahidi mwingine, na mtunzi wake anawajibika kwa ukweli sawa na aliyeshika kamera.

Nalisema hili nikiwa na Uroa mbele yangu. Kijiji hiki cha pwani ya mashariki ya Unguja, kaskazini ya Chwaka, ni kijiji cha uvuvi, minazi, makumbi na mwani, na siku hizi hoteli pia. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza kwenye pwani hii mwaka 1989, na tangu hapo wakulima wengi wamekuwa wanawake. Kwa mpiga picha mahali hapa ni neema: mchanga mweupe, maji ya rangi ambayo kamera haihitaji kuisaidia, kanga zilizolowa, migongo iliyoinama katika mistari ya kamba. Lakini Uroa ina sauti zake, na sauti hizo hazina haraka ya kujitambulisha. Maji yakitoka, hasa siku za bamvua, bahari husogea hadi mwambani ikabaki kuwa mngurumo mmoja wa mbali usiokatika. Karibu na sikio hubaki sauti ndogo ndogo: kijiti kinachogongwa mchangani kwa jiwe, pigo likianza kavu na kuwa zito kadiri kijiti kinavyozama, kamba iliyojaa mwani ikiburutwa katika maji ya vifundoni, wanawake wawili wanaozungumza kutoka mbali, kila mmoja akiivuta silabi ya mwisho ili upepo usiimeze. Juu ufukweni, pale makumbi yaliyofukiwa miezi mingi yamefukuliwa, kuna mdundo wa kuponda. Wanaoponda wakiwa watatu, mapigo hayagongani. Kila mmoja huingia katika nafasi aliyoiacha mwenzake, na akichoka mmoja, wawili waliobaki hubadilisha mwendo bila kuambizana. Kisha maji huanza kujaa, na kila sauti niliyoitaja hukaza mwendo.

Sasa zitazame filamu fupi zinazopigwa kwenye pwani hii: za mashirika ya maendeleo, za kutangaza utalii, za vituo vya televisheni vya nje na vya kwetu. Sauti hizo aghalabu hazimo. Mahali pake pana mojawapo ya miziki miwili. Wa kwanza ni piano inayodondosha noti moja moja, na nyuma yake fidla zinazovuta pumzi. Huo hutumika mkulima anapotaja bei ya mwani au maji ya bahari yanayozidi joto na kuua mazao. Wa pili ni marimba na makofi yenye furaha isiyo na sababu. Huo hutumika mradi unapofika. Mara nyingi hakuna aliyekaa akautunga kwa ajili ya Uroa. Umenunuliwa katika maktaba za muziki za mtandaoni, ambako vipande hupangwa kwa hisia na kwa bara: matumaini, huzuni, Afrika. Njia ya pili ya kuufikisha muziki huo hapa ni ya ndani zaidi, na wahariri wa filamu wanaijua vizuri. Mhariri anapounganisha picha, huweka muziki wa kuazima kutoka filamu nyingine ili apate mwendo. Baada ya wiki kadhaa masikio ya wote yamekwisha kuuzoea, na mtunzi anapoitwa, kama anaitwa, huambiwa atengeneze unaofanana na ule. Kwa namna hiyo mwanamke wa Uroa anaweza kubebeshwa huzuni iliyotungwa kwa ajili ya mtu wa nchi nyingine na msiba mwingine, na hakuna aliyekusudia kumdhulumu.

Atasema mtu kwamba ninauonea muziki. Noti haina habari ndani yake. Haiwezi kuwa kweli wala uongo, na kuitaka itoe ushahidi ni kuitaka iwe kitu isichokuwa. Pingamizi hili lina nguvu na nusu yake naikubali. Noti peke yake haisemi kitu kuhusu mwani. Lakini katika filamu noti haiko peke yake. Imefungwa kwenye uso wa mtu, na inamwambia mtazamaji amtazame vipi. Kama ingekuwa haisemi kitu, wenye propaganda wasingeilipia. Chukua Serengeti darf nicht sterben, filamu ya Bernhard Grzimek na mwanawe Michael, iliyotoka mwaka 1959 na kuwa ya kwanza kuifanya Serengeti ijulikane kwa mamilioni ya watu wa Ulaya. Michael hakuiona ikitoka. Alikufa tarehe 10 Januari mwaka huo ndege yao iliyopakwa milia ya punda ilipogongana na tai, akazikwa ukingoni mwa Ngorongoro. Filamu ilipata Oscar. Muziki wake ni wa Wolfgang Zeller, Mjerumani, mtunzi aliyekuwa akiandikia filamu tangu zama za filamu zisizo na sauti. Huyu Zeller ndiye aliyetunga muziki wa Jud Süß ya mwaka 1940, filamu ya Veit Harlan iliyotengenezwa kwa amri ya Wanazi kuwachochea watu dhidi ya Wayahudi. Na huyu huyu, mwaka 1947, ndiye aliyetunga muziki wa Ehe im Schatten, filamu inayowalilia mume na mke walioangamizwa na sheria za ubaguzi za Wanazi hao hao.

Siutaji mfululizo huo ili nimtukane marehemu. Nautaja kwa sababu unaonyesha kwamba ufundi ni uleule na ushahidi ni tofauti. Okestra inayoweza kumfanya mtu amchukie jirani yake inaweza, baada ya miaka saba, kumfanya amlilie, na baada ya miaka mingine kumi na miwili kumfanya aitazame nyika ya Tanganyika kama hekalu. Na hekalu lina masharti yake: haliruhusu mtu kuishi ndani. Mwaka huo huo wa 1959 ndipo sheria ya Hifadhi ya Ngorongoro ilipopitishwa, na Wamasai wakahamishwa kutoka Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Filamu haikuwahamisha, makubaliano yalikuwa yamekwisha kutiwa saini mwaka uliotangulia, na Grzimek mwenyewe hakuridhika na mipaka mipya. Lakini picha ya nchi isiyohitaji watu, ambayo okestra ile iliipa utukufu, imedumu kuliko kila hoja ya filamu. Watalii wanaoshuka Arusha leo wengi wao hawajui jina la Grzimek, na bado wanaitafuta nyika hiyo tupu.

Kwa sisi wa Unguja mfano mzito zaidi ni Africa Addio, ya Gualtiero Jacopetti na Franco Prosperi, iliyotoka mwaka 1966. Ndani yake mna picha zilizopigwa kutoka angani baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964: misafara ya watu waliokamatwa, makaburi ya pamoja, miili. Picha hizo zimebishaniwa tangu zilipotoka na zinabishaniwa mpaka leo, na kila Mzanzibari anazifikia na historia ya nyumba yake. Sitaingia katika ubishi huo hapa. Ninalotaka kulisema ni kuhusu muziki wa filamu nzima, ambao ni wa Riz Ortolani. Ortolani alikuwa fundi mkubwa wa melodia. Miaka michache kabla, yeye na Nino Oliviero walitunga muziki wa Mondo Cane, filamu ya mwaka 1962 ya kundi lile lile, na melodia yake mojawapo, iliyokuja kuimbwa duniani kwa jina la More, iliteuliwa kugombea Oscar. Watu waliusahau ukatili wa Mondo Cane wakabaki na wimbo wa harusi. Huo ulikuwa ndio mtindo: okestra pana, melodia tamu, juu ya vitu ambavyo mtu angepaswa kuvitazama akiwa ameshika kichwa.

Katika Africa Addio utamu huo umepewa kazi maalumu. Filamu inadai kwamba Afrika, wakoloni walipoondoka, iliangukia katika damu kwa sababu haikuwa na uwezo wa kujitawala. Roger Ebert, mwaka 1967, aliilaani kuwa filamu ya ubaguzi na isiyo ya kweli, na hakuwa peke yake. Muziki wa Ortolani ndio unaoibeba hoja hiyo pale maneno yanapochoka. Ni muziki wa kuaga, na anayeagwa ni yule anayeondoka na bwawa lake, farasi wake na bustani yake. Waliokufa Unguja hawaagwi. Wao wamewekwa kama vielelezo katika kesi ya mtu mwingine. Mtu anayeitazama filamu ile bila kujua chochote kuhusu visiwa hivi atatoka na majonzi, na majonzi yake yatakuwa kwa ajili ya utawala wa Kizungu. Hilo halikufanywa na kamera. Kamera iliyokuwa angani ilionyesha wanadamu. Ni muziki ulioamua waliliwe au wasililiwe, na uamuzi huo unaendelea kufanya kazi kila filamu ile inapotazamwa, miaka sitini baadaye, katika simu za vijana ambao hata wazazi wao walikuwa hawajazaliwa wakati huo.

Mtu anaweza kudhani kwamba kosa la Ortolani ni upole, kwamba juu ya maiti panatakiwa muziki mkali au kimya. Sivyo, na ushahidi wa kinyume upo. Alain Resnais alipotengeneza Nuit et brouillard mwaka 1955, filamu ya dakika 32 kuhusu kambi za mauaji za Wanazi, muziki alipewa Hanns Eisler, mtunzi aliyelazimika kuikimbia Ujerumani Hitler alipoingia madarakani. Eisler naye aliandika muziki mwepesi. Kadiri picha zinavyozidi kutisha, ndivyo ala zinavyopungua, mpaka panabaki filimbi na nyuzi chache zinazodonolewa. Lakini wepesi wa Eisler haumbembelezi mtu. Unamnyima mtazamaji msaada aliouzoea. Haumwambii lia sasa, haumpi wimbi la kumbeba kutoka picha moja hadi nyingine, anabaki na anachokiona. Upole wa Ortolani unamfunika mtazamaji. Upole wa Eisler unamvua. Sikio lililozisikiliza zote mbili haliwezi tena kuridhika na mgawanyo wa muziki wa huzuni na muziki wa furaha ambao maktaba za mtandaoni zinauuza. Suala ni muziki unasimama upande wa nani, na unamwachia nani nafasi ya kusema.

Hapa huja pingamizi la pili, nalo ni la haki: kwamba ninaelekea kusema mgeni asitunge muziki kuhusu kwetu. Sisemi hivyo, na Mzanzibari ndiye mtu wa mwisho anayeweza kulisema. Taarab yenyewe, kwa mapokeo tunayoyajua sote, ilikuja na Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alipompeleka Mohammed Ibrahim Cairo akajifunze kanuni. Fidla si ya hapa, akodiani si ya hapa, na lile sanduku la chai linalopiga besi katika kidumbak lilikuja na chai. Siti binti Saad alirekodi sahani zake za kwanza Bombay mwaka 1928, kwa mashine za Waingereza, na hakuna aliyewahi kusema kwamba sauti ile si yetu. Muziki wa pwani hii umekuwa ukipokea wageni tangu zamani. Ila uliwapokea, ukawakalisha, ukawafundisha lugha. Ninacholalamikia ni muziki unaokuja bila kushuka chomboni.

Kwa hiyo mtunzi wa mbali anaweza kuwa shahidi mwaminifu, na ninao mfano ninaouheshimu. Filamu Jane ya Brett Morgen, iliyotoka mwaka 2017, ilijengwa juu ya zaidi ya saa 100 za picha ambazo Hugo van Lawick alizipiga Gombe, Kigoma, katika miaka ya sitini. Picha hizo hazikuwa na sauti. Msitu wote unaousikia, majani, mvua, mayowe ya sokwe, ulijengwa upya na mafundi wa sauti, na juu yake Philip Glass akatandaza okestra ambayo karibu haipumziki. Msitu wa Gombe uliomo masikioni mwa watu wengi leo, basi, umetungwa Marekani. Je, ni uongo? Nimelifikiria sana swali hilo, na jibu langu ni hapana, kwa sababu filamu inakiri tangu jina lake kwamba ni habari ya mtu mmoja. Muziki wa Glass, kwa kujirudia kwake na kusogea kidogo kidogo, unafuata akili ya Jane mwenyewe, msichana wa Kiingereza aliyefika pale Julai 1960 na kukaa akitazama kitu kilekile siku baada ya siku mpaka kikafunguka. Haujidai kuwa Kigoma. Waha na Wamanyema waliotembea naye msituni hawamo katika muziki ule, na mtu akitengeneza filamu yao atahitaji muziki mwingine kabisa. Uaminifu wa mtunzi ni kujua ushahidi wake unaishia wapi.

Mfano ulio mgumu zaidi kwa hoja yangu ni The Crimson Wing, filamu ya Disneynature ya mwaka 2008 kuhusu heroe wa Ziwa Natron, iliyoongozwa na Matthew Aeberhard na Leander Ward. Muziki wake ni wa The Cinematic Orchestra, kundi la Uingereza, na kwa uzuri sijui wa kuushinda katika filamu zilizopigwa nchini mwetu. Kuna pale kifaranga anapotembea juu ya chumvi na magadi yakamgandia miguuni yakawa pingu, akawa anabaki nyuma ya wenzake hatua kwa hatua. Huwezi kuitazama sehemu hiyo ukabaki ulivyokuwa. Sasa, kipande kimoja cha muziki wa filamu ile, kiitwacho Arrival of the Birds, mwaka 2014 kilichukuliwa na kuwekwa mwishoni mwa The Theory of Everything, filamu ya kuigiza kuhusu mwanafizikia wa Cambridge, Stephen Hawking. Kikafaa. Kikafaa kiasi kwamba wasikilizaji wengi wanakijua kwa Hawking na hawajapata kusikia habari za Natron. Mpinzani wangu atasema: unaona? Muziki hauna mahali. Ungekuwa ushahidi wa Natron usingeweza kuhamia Cambridge. Najibu kwamba hilo ndilo linalonisumbua katika muziki ule mzuri. Unashuhudia mshangao wa mtazamaji mbele ya jambo kubwa, na mshangao huo ni wa kweli, ila magadi, joto na harufu ya ziwa lile havimo. Uliweza kuhama kwa sababu haukuwa umefungwa na kitu. Sauti ya kuponda makumbi huwezi kuihamishia Cambridge. Sisemi kila muziki uwe hivyo. Nasema filamu inayodai kutuonyesha mahali, na ikatupa muziki usio na mahali, imetupa nusu ya ilichoahidi.

Wengine wanaokubaliana nami hukimbilia dawa iliyo rahisi mno: basi tuweke muziki wa asili. Na kwa Zanzibar muziki wa asili, kwa mwongozaji mwenye haraka, ni kanuni na udi. Ninaziheshimu filamu zilizoufuata muziki wetu kwa ajili ya muziki wenyewe. As Old as My Tongue ya Andy Jones, ya mwaka 2006, ilimpa Bi Kidude nafasi ya kuwa mtu mzima mwenye ubishi, mzaha na uchovu wake, nao muziki wa filamu ni sauti yake mwenyewe. Ron Mulvihill ameifuata Nadi Ikhwan Safaa, kikundi kilichoanza mwaka 1905, na pale fidla na mashairi ndiyo mada, hayakupachikwa. Lakini kuitwaa taarab ya ukumbini na kuitandika juu ya mwani wa Uroa ni kosa lile lile la piano, limevaa kanzu. Taarab ni muziki wa kukaa, wa kuvaa, wa kutunzwa, wa maneno yanayopimwa. Hata vijijini inakopendwa, huja na harusi na shughuli. Shamba na Mjini havina sauti moja, na pwani ya mashariki haina sauti moja na Pemba. Mgeni akiambiwa Unguja ni karafuu, taarab na milango ya nakshi, ataisikia Uroa kupitia Mji Mkongwe, na wanawake wa huku watakuwa wamepambwa kwa nguo ya kuazima kwa mara nyingine.

Kuna wanaosema tuondoe muziki kabisa, tuache picha na sauti za mahali ziseme zenyewe. Dawa hii ni ya heshima zaidi, na imewahi kufanywa na watu makini. Darwin's Nightmare ya Hubert Sauper, ya mwaka 2004, iliyopigwa Mwanza, haimwongozi mtazamaji kwa okestra. Nyimbo nyingi tunazosikia zinatoka kwa waliomo ndani, na hakuna aliyeitazama atakayemsahau yule dada anayeiimbia Tanzania mbele ya marubani wa kigeni. Hata hivyo filamu ile ilizua hasira kubwa nchini, na mwaka 2006 Rais Jakaya Kikwete aliilaumu hadharani kwa kuipaka nchi matope. Siamui hapa nani alikuwa na haki. Ninaona tu kwamba kuondoa muziki hakukuiondolea filamu lawama ya kupendelea, kwa sababu mhariri huchagua ukimya kama anavyochagua wimbo, na wimbo ule wa dada yule uliwekwa mahali ulipowekwa kwa hesabu. Ukimya wa Uroa pia unaweza kusema uongo. Ondoa mngurumo wa mwambani, acha upepo peke yake, na kijiji kilichojaa watu kitasikika kama mahame.

Kwa hiyo hatuna pa kukimbilia isipokuwa kwenye kazi yenyewe: mtunzi asikilize kabla ya kuandika, na aitwe mapema. Kwamba hilo linawezekana kwa uwezo wetu, mwambao umekwisha kuonyesha. The Letter, filamu ya mwaka 2019 ya Maia Lekow na Chris King, ni habari ya kijana anayerudi kijijini Kilifi kwa sababu bibi yake ametuhumiwa uchawi. Kenya iliipeleka kugombea Oscar. Lekow ni mwanamuziki kabla ya kuwa mwongozaji, ameshiriki kuutunga muziki wa filamu hiyo, na alikuwepo miaka yote ambayo filamu ilikuwa ikipigwa. Aliyesikiliza ndiye aliyetunga. Mada kama ile, ya wazee kuuawa kwa tuhuma, ingemeza ngoma za kutisha za maktaba bila shida, na mtazamaji wa nje angeridhika. Filamu ile inamsogeza karibu na bibi mwenyewe, mpaka anakuwa mtu mwenye shamba, wajukuu na imani yake.

Najua jibu litakuwa fedha. Mashirika yanayopiga filamu za mwani yana bajeti ndogo, na wimbo wa mtandaoni ni rahisi kuliko mtunzi. Lakini fedha za ndege zipo, za kamera ya kuruka zipo, za rangi ya picha zipo. Muziki ndio unaopewa yaliyobaki. Mji Mkongwe, mwendo wa saa moja kutoka Uroa, kuna chuo cha muziki cha DCMA ambacho kwa miaka zaidi ya ishirini kimefundisha taarab, kidumbak na ngoma, na mwaka 2019 kilikaribia kufungwa kwa kukosa fedha. Vijana waliopita pale wanaandika noti, wanarekodi, na wengine kwao ni huku huku shamba. Tamasha la filamu la ZIFF limekuwapo tangu mwaka 1998. Kwamba wapiga picha na wanamuziki hawa wanakutana jukwaani kila mwaka na hawakutani katika chumba cha uhariri ni jambo la kusikitisha, na linarekebishika kwa uamuzi tu.

Uamuzi mmoja uko mikononi mwa vijiji vyenyewe. Wapiga filamu wanapofika Uroa hupita kwa sheha kuomba ruhusa, na huulizwa wametoka wapi, wanataka kumpiga picha nani na kwa ajili gani. Naomba pale pale liongezwe swali jingine: muziki ataufanya nani, na atakuja lini kusikiliza? Na filamu ikikamilika, irudishwe ioneshwe kijijini kabla haijapelekwa kokote, wanawake wa mwani waitazame, kisha wafumbe macho waisikilize mara ya pili. Wakisema sauti ile siyo yao, ibadilishwe.